Teno Mmoja, Besi Wawili na Mtoto Mmoja: Maisha ya Charles Gounod

Hotuba ya Katibu wa Kwaya, iliyotolewa kwenye semina ya maandalizi ya Jubilei ya Miaka 25. Inachapishwa hapa kwa ombi la wanakwaya.



 Nimepewa dakika ishirini. Mnajua kwamba mwalimu akipewa dakika ishirini huchukua kipindi kizima, lakini leo nitajitahidi.

Nimeombwa niwaeleze habari za mtunzi wa ule "Sanctus" tunaojifunza kwa ajili ya Misa ya Jubilei. Sababu ya kuombwa mnaijua. Kijana wetu mmoja wa sauti ya teno aliinua mkono mazoezini akauliza, "Katibu, huyu Mfaransa alikufa zamani, Kilatini chake hatukielewi, na waumini wanapenda nyimbo za ngoma na kayamba. Mbona tunateseka hivi?" Tulicheka. Lakini Jumamosi iliyofuata watu wanne hawakuja, na iliyofuata wakawa saba. Kamati nayo imegawanyika. Wengine wanasema wimbo huu uachwe kabla haujatuvunjia kwaya.

Ndugu zangu, swali la kijana huyo si la utovu wa adabu. Ni swali zuri, na nimelibeba nyumbani nikalitafutia jibu katika maisha ya mtunzi mwenyewe. Nawaomba mnisikilize kwanza, kisha tuamue kama watu wa nyumba moja.

MTOTO WA MJANE

Charles Gounod alizaliwa mjini Paris, Ufaransa, tarehe 17 Juni 1818. Baba yake alikuwa mchoraji, akafariki mwaka 1823, Charles akiwa hajatimiza miaka mitano. Mama akabaki na wavulana wawili. Alikuwa mpiga piano hodari, akawalea wanawe kwa kufundisha piano na kuchora. Akina mama wajane walio hapa hawahitaji kuelezwa hesabu ya karo ilikuwaje.

Kwa kuwa mama aliijua kazi ya muziki, aliijua na njaa yake. Hakutaka mwanawe aishi kwa hiyo. Charles alipoanza kusema kwamba atakuwa mwanamuziki na si kitu kingine, mama alikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule yake, Bwana Poirson, akamwomba amtoe kijana wazo hilo kichwani.

Mimi kama mwalimu napenda sana sehemu hii. Poirson hakumgombeza. Alimpa karatasi yenye maneno ya wimbo, akamwambia akayatilie muziki. Kijana alirudi baada ya muda mfupi, wimbo tayari, akauimba mbele yake. Mwalimu mkuu, aliyeombwa kukataza, aliguswa mno, akawa wa kwanza kumwambia aendelee na muziki. Walimu wenzangu, hebu tukumbuke jambo hilo mtoto anapoletwa ofisini kwetu kwa sababu ameshindwa na hesabu lakini kila asubuhi anaimba.

Baadaye Charles aliingia chuo cha muziki cha Paris, akashindania tuzo kubwa ya nchi iliyompeleka mshindi kusoma Roma. Mwaka 1837 alikuwa wa pili. Mwaka 1838 hakupata kitu. Mwaka 1839, mara ya tatu, alishinda.

Huko Roma mambo mawili yalimbadilisha. La kwanza, aliingia kanisa dogo la Sistina akasikia nyimbo za Palestrina, mtunzi wa karne ya 16. Hakukuwa na kinanda wala fidla. Sauti za watu tu, zikipishana na kukutana. La pili, alikutana na mama mmoja Mjerumani, Fanny Hensel, dada wa mtunzi Felix Mendelssohn. Mama huyo aliketi kwenye piano akampigia kazi za Johann Sebastian Bach. Bach alikuwa Mlutheri, na Gounod Mkatoliki, lakini mbegu iliyopandwa siku hizo ilizaa wimbo ambao karibu kila kwaya ya Kikatoliki imewahi kuuimba. Nitaufikia.

KWAYA YA WATU WANNE

Mwaka 1843 Gounod alirudi Paris, kijana wa miaka 25, ana tuzo na heshima. Alipewa kazi gani? Kuongoza muziki katika kanisa la Seminari ya Misioni za Nchi za Nje, seminari iliyowaandaa mapadre wamisionari kwenda Asia. Na kwaya aliyoikuta, kama alivyosimulia mwenyewe katika kumbukumbu zake, ilikuwa na besi wawili, teno mmoja na mtoto mmoja. Watu wanne! Yeye mwenyewe akawa mwalimu wa kwaya, mpiga kinanda, mwimbaji na mtunzi.

Wanakwaya wenzangu, mnanielewa kwa nini nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Wazee wa kwaya yetu wanakumbuka mwaka ule tulipobaki watano mazoezini, sare zimechakaa, kinanda kimeharibika, na mimi nikiwa mgeni sauti ya alto. Jumamosi moja nilikuja na barua ya kujiuzulu mkobani. Sikuitoa kwa sababu moja tu: ningeondoka, alto ingebaki bila mtu. Barua hiyo ningali nayo.

Gounod na watu wake wanne walianza kuimba Palestrina na Bach. Je, waumini walifurahi? La hasha. Waumini walikuwa wamezoea nyimbo nyingine, nyepesi na za kupendeza sikio. Wakalalamika kwa paroko. Paroko, ambaye alikuwa amemfahamu Gounod tangu akiwa mwanafunzi, alimwita akamwomba alegeze kidogo. Gounod akajibu kwamba kama ni hivyo yuko tayari kuondoka. Hatimaye paroko alimwachia afanye anavyoona vyema, na baada ya muda malalamiko yakapungua, kisha baadhi ya waliolalamika wakaupenda muziki uleule.

Sisemi hayo ili mwalimu wetu apate kiburi, na naona anatabasamu pale. Gounod alikuwa mkaidi, na ukaidi si fadhila. Nasema kwa sababu ugomvi wetu si mgeni. Kila kwaya iliyo hai imewahi kuupitia: tuimbe wanachokipenda watu leo, au tuimbe kitakachowainua kesho? Jibu la kweli ni kwamba tunahitaji vyote viwili, na hakuna anayepata vyote viwili bila uvumilivu.

ALIYETAKA UPADRE

Akiishi karibu na wamisionari hao, Gounod alianza kusikia wito. Mwaka 1847 aliruhusiwa kuvaa kanzu ya kikleri na kusoma teolojia. Kwa muda alikuwa akitia sahihi barua zake kama padre. Lakini mwaka 1848 aliacha. Alitambua kwamba upadre haukuwa wake, na kwamba hangeweza kuishi bila muziki.

Wapo waliosema amerudi nyuma. Mimi naona vingine. Katika kanisa letu tunao vijana waliotoka seminari, na watu wakawaangalia kwa jicho la pembeni. Gounod aliyetoka seminari ndiye aliyeupa muziki wimbo wa kuwaaga wamisionari wanapoondoka, ndiye aliyetunga Misa nyingi, na ndiye tunayemwimba leo. Mlei anayeimba si padre aliyeshindwa. Ana wito wake.

Mwaka 1852 alioa Anna Zimmermann, binti wa mwalimu maarufu wa piano. Mwaka huohuo alipewa kazi ambayo wasifu wake mwingi huitaja kwa mstari mmoja tu, lakini kwangu ni kubwa: akawa mkurugenzi wa Orphéon ya jiji la Paris, yaani mpango wa kwaya za watu wa kawaida, pamoja na mafundisho ya uimbaji katika shule za umma. Waliomo walikuwa watoto wa shule na wafanyakazi waliotoka kazini jioni wakiwa wamechoka, kama sisi. Alifanya kazi hiyo hadi mwaka 1860, na akawatungia Misa wanayoiweza. Mtu aliyewahi kufundisha teno mmoja hawezi kuwadharau waimbaji mia moja wasiojua noti.

SALAMU MARIA NA MISA YA MTAKATIFU SESILIA

Sasa ule wimbo niliowaahidi. Bach alikuwa ameandika kipande kifupi cha kinanda, noti zinazopanda na kushuka kama maji ya kijito, hazina hata wimbo juu yake. Gounod alikuwa akikipiga, na juu yake akabuni wimbo mwingine. Baba mkwe wake, Zimmermann, aliuandika ili usipotee. Mwaka 1853 ulichapishwa kama tafakari ya ala, bila maneno. Baadaye yakatiwa maneno ya shairi, na mwaka 1859 yakawekwa maneno ya Salamu Maria kwa Kilatini. Kwa hiyo ukisikia "Ave Maria" ya Bach na Gounod harusini, jua kwamba hao wawili hawakuwahi kuonana. Bach alikufa mwaka 1750. Mlutheri aliweka msingi, Mkatoliki akajenga juu yake baada ya miaka zaidi ya mia moja.

Na Misa yetu? Inaitwa Misa Kuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wetu waimbaji. Iliimbwa yote kwa mara ya kwanza siku ya sikukuu yake, tarehe 22 Novemba 1855, katika kanisa la Mtakatifu Eustache, Paris. "Sanctus" yenyewe ilikuwa imesikika London mapema, mwaka 1851. Misa hiyo iliandikwa kwa kwaya kubwa, waimbaji pekee watatu, kinanda cha kanisa, vinubi, tarumbeta na ala nyingine nyingi. Hata hivyo katikati ya ukuu huo Gounod alifanya jambo la unyenyekevu. Katika "Mwanakondoo wa Mungu" aliingiza yale maneno tunayosema kabla ya Komunyo, ya kukiri kwamba hatustahili Bwana aingie kwetu. Kwa desturi maneno hayo hayamo katika sehemu hiyo ya Misa. Yeye aliyaweka, ili hata kwaya kubwa ipige magoti.

Sasa namgeukia kijana wetu wa teno. Hebu kumbuka "Sanctus" inavyoanza. Anaanza nani? Teno mmoja, peke yake. Kisha kwaya inamwitikia kwa sauti ya chini, ikirudia aliyoyasema. Anaongeza, wanaitikia. Mwishowe wote wanapaza sauti pamoja. Je, huo si mtindo wa bibi zetu? Mwanzilishi na waitikiaji! Tunaufanya katika nyimbo za kutoa sadaka, tunaufanya shambani na matangani. Sijui kijana wangu aliona nini kigeni hapo, isipokuwa lugha. Na maana ya lugha hiyo anaijua, kwa sababu kila Jumapili anaiimba kwa Kiswahili.

MADHABAHU NA JUKWAA

Sitaki kuwapa picha ya mtakatifu wa kwenye sanamu. Gounod aliishi kati ya madhabahu na jukwaa. Alitaka sifa za jumba la opera, na alizipata. Mwaka 1859 opera yake "Faust" ilionyeshwa Paris, na jina lake likaenea Ulaya nzima. Inaimbwa hadi leo. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1857, alikuwa ameugua akili kwa msongo, akapelekwa kwenye nyumba ya daktari akatunzwa mpaka akapona. Nalitaja hilo kwa makusudi. Katika kwaya zetu mtu akiugua namna hiyo tunanong'ona. Yeye alirudi kwenye meza yake akaendelea kutunga.

Mwaka 1870 vita kati ya Ufaransa na Prussia vilimkimbiza yeye na jamaa yake hadi Uingereza. Mwaka uliofuata, London, aliimbisha "Gallia", maombolezo aliyotunga juu ya nchi yake iliyoshindwa, kwa maneno kutoka kitabu cha Maombolezo katika Biblia. Huko pia akawa mwongozaji wa kwanza wa kwaya ya ukumbi mpya wa Royal Albert Hall. Lakini urafiki alioujenga London na mama mmoja mwimbaji, Georgina Weldon, ulimletea matatizo nyumbani na baadaye kesi mahakamani. Mwaka 1885, oratorio yake "Mors et Vita", yaani Kifo na Uzima, ilipoimbwa Birmingham, mtunzi hakuthubutu kuvuka bahari kuja kuisikia, kwa sababu ya kesi hiyo. Sifa za watu ni nzuri, lakini zina bili yake.

Ndugu zangu, jukwaa letu si opera. Jukwaa letu ni video za nyimbo, mialiko ya harusi, na zile tarakimu za waliotazama kwenye simu. Hakuna dhambi katika kurekodi. Lakini tukianza kuchagua nyimbo za Misa kwa kuuliza zipi zitatazamwa sana, tutakuwa tumehama madhabahuni bila kuaga.

WIMBO WA JUBILEI

Kuna kazi moja ya Gounod inayotuhusu mwaka huu kuliko zote. Mwaka 1869 Papa Pio wa Tisa alitimiza miaka 50 ya upadre. Kwa ajili ya Jubilei hiyo Gounod alitunga maandamano ya ala, mafupi tu. Yalipigwa, watu wakafurahi, siku ikapita. Mtunzi alikufa mwaka 1893. Kisha Papa Pio wa Kumi na Mbili akaamua kwamba muziki huo uwe wimbo rasmi wa Vatikani, na ukaanza kutumika hivyo katika Mwaka Mtakatifu wa 1950. Hadi leo ndio unaopigwa Papa anapopokelewa rasmi ugenini.

Zawadi ya siku moja ya Jubilei ikawa wimbo wa Kanisa miaka 81 baadaye. Ndiyo maana siwezi kukubali tuseme, "Ni siku moja tu, tuimbe chochote." Hatujui ni mtoto gani atakuwa ameketi benchi la mbele siku hiyo.

MWISHO WAKE

Mwaka 1893, nyumbani kwake Saint-Cloud, karibu na Paris, Gounod alikuwa akishughulikia Misa ya wafu aliyoitunga kwa ajili ya mjukuu wake aliyefariki. Akiwa katika kazi hiyo alipata kiharusi, na tarehe 18 Oktoba akafariki, akiwa na miaka 75. Serikali ilimfanyia mazishi ya kitaifa katika kanisa la Madeleine. Watunzi wawili wakubwa walihudumu, Camille Saint-Saëns na Gabriel Fauré. Lakini marehemu alikuwa ameacha agizo: kwaya iimbe bila kusindikizwa na ala yoyote. Sauti za watu peke yake, kama alivyosikia Roma akiwa kijana.

Saint-Saëns aliandika baadaye kwamba hata kama siku moja opera za Gounod zingesahauliwa, Misa ya Mtakatifu Sesilia na kazi zake nyingine kubwa za dini zingebaki. Mimi si mtaalamu wa kupima hilo. Ninachojua ni kwamba hapa kwetu hakuna aliyewahi kuiona "Faust", lakini "Ave Maria" tumeiimba mara nyingi.

Namalizia. Sikuja kusema Kilatini ni bora kuliko ngoma. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturjia ya mwaka 1963, uliuheshimu wimbo wa kale wa Kanisa, na uleule ukataka muziki wa jadi wa mataifa upewe nafasi yake. Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati ni hili. Tuingie kwa ngoma na kayamba. Tutoe sadaka kwa wimbo wetu, tucheze mpaka vumbi litimke. Ikifika "Sanctus", tuimbe ya Gounod, na kijana aliyeuliza swali ndiye aanze. Baada ya Komunyo tuimbe wimbo mmoja bila kinanda, kama tulivyokuwa tukiimba stima ikipotea, tulipokuwa watano.

Wale saba ambao hawajaja mazoezini, mimi mwenyewe nitawapigia simu leo jioni. Sitawagombeza. Nitawaambia tu kwamba Jumamosi saa tisa alasiri tunaanza ukurasa wa kwanza, na kwamba sauti zao zinahitajika. Na ile barua niliyowatajia nimekuja nayo. Naomba mwenyekiti aichane mbele yenu.

 Mtakatifu Sesilia, utuombee.